Mteja akiuliza "nitume wapi?": kupokea malipo ya benki kwa biashara ya mtu mmoja Mombasa

Mshonaji mabuibui wa Mji wa Kale, mpishi wa biriani ya harusi Majengo, fundi makochi wa Bombolulu, muuza leso wa jumla pale Biashara Street: wote hufikiwa na siku mteja anaposema, "Taslimu sina, na kiasi hiki M-Pesa hakipiti. Nipe akaunti." Mwongozo huu ni wa siku hiyo. Ni wa mtu anayefanya kazi peke yake, asiye na keshia wala mhasibu. Yeye ndiye anayepokea oda, yeye ndiye anayetazama simu, na yeye ndiye anayekabidhi mzigo.

Kanuni inayobeba mengine yote tuitangulize: mzigo hautoki mpaka umeona pesa ndani ya akaunti yako, kwa macho yako, kwenye salio linaloweza kutumika. Simu ya mteja inaonyesha kilichotoka kwake tu. Kati ya kutoka kwake na kuingia kwako pana mlango, na wezi wengi wanasimama hapo mlangoni.

Akaunti, na jina lililo juu yake

Kisheria wewe na biashara yako ni mtu mmoja. Deni la biashara ni deni lako, na PIN ya KRA (namba yako ya mlipakodi kwa Mamlaka ya Mapato) ni ile ile uliyo nayo. Ukiuza kwa majina yako halisi, hulazimiki kusajili jina. Ukitumia jina jingine, lisajili Business Registration Service kupitia eCitizen. Utapewa cheti cha usajili wa jina la biashara, nacho ndicho benki watakachokuuliza kwanza. Beba pia kitambulisho na PIN ya KRA. Baadhi ya matawi huomba leseni ya biashara ya Kaunti ya Mombasa, kwa hivyo itie kwenye bahasha hata kama hawakuitaja kwenye simu.

Wengi huanza kwa akaunti yao ya kawaida. Inawezekana, lakini benki nyingine zina masharti yanayokataza akaunti ya mtu binafsi kuendeshwa kibiashara. Tena mwisho wa mwaka utashindwa kutenganisha malipo ya wateja na mchango wa arusi ya binamu yako. Hata kama hujasajili jina, fungua akaunti ya pili kwa majina yako, uitengee biashara tu, usiichanganye na kitu.

Kabla ya kutia saini uliza makato ya kila mwezi, bei ya SMS ya kila muamala, kama akaunti hiyo inapokea PesaLink (pesa ya papo hapo kutoka benki hadi benki), na kama utapewa namba ya till inayoingiza pesa humo humo. Makato mengi ya benki huongezewa ushuru wa 15%, ndiyo maana kwenye stetimenti utaona ada ya senti zisizo na mpangilio.

Sasa jina. Akaunti ya biashara ya mtu mmoja mara nyingi huandikwa majina yako, kisha herufi T/A ("trading as", yaani anayefanya biashara kwa jina la), kisha jina la biashara. Mteja anayekujua kwa jina lililo juu ya mlango tu akiona jina la mtu asiyemjua kwenye apu yake atasita, na ana haki ya kusita. Mhasibu wa hoteli atafanya zaidi ya kusita: ataandika jina la biashara peke yake kwenye fomu, benki ione halilingani na la akaunti, irudishe malipo. Dawa yake ni moja. Nakili jina la akaunti kama lilivyo kwenye stetimenti, herufi kwa herufi, na ulitume hivyo hivyo kila mara.

Pesa hufika kwa njia gani

Mteja akisema "nimetuma benki" bado hujajua kitu. Muulize njia, kwa sababu kila moja ina mwendo wake.

PesaLink ndiyo inayofaa biashara ndogo kuliko zote. Ilianzishwa mwaka 2017 na benki zenyewe kupitia Kenya Bankers Association. Mteja anafungua apu ya benki yake, anachagua PesaLink, benki yako, anaandika namba ya akaunti, kiasi na maelezo. Pesa huingia kwa sekunde, usiku, Jumapili na hata siku ya Idi. Kima cha juu ni shilingi 999,999 kwa muamala mmoja, ingawa benki ya mteja inaweza kumwekea kikomo cha chini zaidi kwa siku. Ada hulipa yeye.

Paybill ya benki ni ya mteja mwenye pesa zake kwenye M-Pesa huku wewe unazitaka benki. Anaingia Lipa na M-Pesa, Paybill, anaandika namba ya benki (247247 kwa Equity, 522522 kwa KCB, 400200 kwa Co-operative), kisha namba ya akaunti yako, kiasi, na PIN yake. Hapa mipaka ni ya M-Pesa: 250,000 kwa muamala, 500,000 kwa siku. Ina kasoro moja ambayo hutaigundua mpaka uwe na oda kumi kwa siku: ile nafasi ya "namba ya akaunti" imeshachukuliwa na akaunti yako, hakuna pa kuandika namba ya oda. Stetimenti itakuonyesha jina la mlipaji na namba ya muamala, basi, na mara nyingi namba yake ya simu huwa imefichwa katikati. Wateja wawili wakituma 12,500 asubuhi moja, utakuna kichwa. Njia rahisi ni kuitia namba ya oda kwenye bei yenyewe: oda ya 17 inalipa 12,517 na ya 18 inalipa 12,518. Shilingi hizo unaziondoa kwenye salio la mwisho. Ni kitu kidogo, lakini hakuna kinachookoa muda kama hicho.

EFT (uhamisho wa pesa wa kielektroniki) ndiyo njia ya makampuni, shule na hoteli. Huenda kwa mafungu kupitia mfumo wa kulipana baina ya benki, na kwa kawaida huonekana siku ya kazi inayofuata. Siku ya kazi, tusisahau. EFT ya Ijumaa alasiri, watu wakitoka msikitini, haitakufikia kabla ya Jumatatu, na biriani ya harusi inaliwa Jumamosi. Katikati ikitokea sikukuu ya umma, ongeza siku.

RTGS (malipo yanayopita moja moja, si kwa mafungu) ni ya kiasi kikubwa. Inapita kwenye mfumo wa Benki Kuu uitwao KEPSS, ulioanza 2005, na tangu Oktoba 2009 malipo ya zaidi ya shilingi milioni moja hayapiti kwa hundi wala EFT. Lazima yaende RTGS. Hufika siku hiyo hiyo iwapo mteja amewahi kabla benki yake haijafunga dirisha la siku. Ada yake kwa mtumaji ni kubwa kuliko ya PesaLink, kwa hivyo usimwambie mtu wa 40,000 atume RTGS.

Ukichanganyikiwa ipi umtajie mteja, tumia kipimo hiki: chini ya 250,000 na ana M-Pesa: Paybill au till; chini ya milioni na ana apu ya benki: PesaLink; kampuni: EFT, lakini siku tatu za kazi kabla ya kazi; juu ya milioni: RTGS.

Ujumbe wa kumtumia mteja

Makosa mengi huzaliwa hapa, kwenye WhatsApp, mteja anapotumiwa picha ya kadi ya benki au sauti ya nusu dakika ikitaja tarakimu kumi na tatu. Tuma maandishi. Na tuma kwa vipande viwili: kwanza maelezo yote, kisha namba ya akaunti peke yake kwenye ujumbe wake, bila nafasi wala kistari, ili mteja abonyeze, anakili, abandike. Atakayeiandika kwa mkono akitazama skrini nyingine atakosea tarakimu moja siku moja.

Mfano:

"Waalaykumu salaam dada. Nimeipokea oda yako, ni namba 047: biriani ya nyama ya watu 80, Jumamosi, kuchukuliwa saa tano asubuhi. Jumla 56,000. Malipo ya mwanzo 28,000 yawe yameingia kabla ya Jumanne saa kumi jioni, salio kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Tuma kwa PesaLink. Kwenye sehemu ya maelezo andika 047 peke yake. Benki, tawi na jina la akaunti ni haya hapa chini. Namba ya akaunti naituma sasa hivi peke yake. Ukishatuma nijulishe, nitakuthibitishia nikiiona. Akaunti yetu haibadiliki; ukipata ujumbe wa kukupa akaunti nyingine, hata ukitoka kwenye namba hii, nipigie kwanza unisikie sauti."

Sentensi ya mwisho usiiondoe. Mtu akiiteka WhatsApp yako, jambo la kwanza atakalofanya ni kuwaandikia wateja wako kwamba umehamia akaunti mpya.

Tazama pia saa. "Kabla ya Jumanne saa kumi jioni" ni kauli ya mtu anayejua lini atanunua nyama. "Ulipe mapema" haina maana kwa mteja. Panga tarehe ya malipo kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kazi: siku unayokwenda Kongowea kununua vitunguu na viazi ndiyo siku ambayo malipo ya mwanzo yanapaswa kuwa yameshaingia, si siku yanapotumwa.

Kwa mteja wa EFT ongeza namba ya benki (tarakimu mbili: KCB ni 01, Co-operative 11, Equity 68) na namba ya tawi yenye tarakimu tatu. Kampuni nyingi zitataka pia barua ya benki inayothibitisha akaunti ni yako. Iombe mara moja, piga nakala, uiweke.

Na hili la mhasibu linafaa kujulikana kabla halijakukuta. Akaunti nyingi za Equity na Co-operative huanza na sifuri. Ukizibandika kwenye jedwali la Excel, sifuri ya mbele hufutika kimya kimya, na faili la malipo linakwenda benki likiwa na tarakimu pungufu. Malipo yanarudi, mhasibu anakwambia "tumekulipa", nawe huoni kitu. Mwambie ahesabu: Equity ni tarakimu 13, Co-operative 14, KCB 10.

Kuthibitisha, ambako ndiko kwenye kazi

Mteja yuko nje ya duka na bodaboda inanguruma. Anakuonyesha skrini: "Muamala umefanikiwa." Anakuomba umharakishe, atakosa feri ya Likoni. Wewe fanya haya:

1. Funga WhatsApp. Fungua apu ya benki yako mwenyewe, kwa simu yako na data yako.
2. Tazama miamala ya mwisho. Tafuta kiasi, jina la mlipaji na maelezo ya oda. Vitatu vilingane.
3. Tazama salio. Apu nyingi huonyesha salio mbili: salio lote, na salio linaloweza kutumika. La pili ndilo lako.
4. Ikiwa malipo hayaonekani, subiri dakika tano, fungua upya. PesaLink inayochukua zaidi ya hapo imekwama au haikutumwa.
5. Yakionekana, mwandikie mteja: "Nimeiona 28,000, oda 047." Ndipo mzigo utoke.

SMS ya benki ni kengele ya kukuamsha tu. Kuna njia za kutuma SMS ikaonekana imetoka kwa jina la benki, ikakaa kwenye orodha ile ile ya SMS za kweli. Tena mtandao ukiwa mbovu, SMS ya kweli huchelewa saa nzima huku pesa ikiwa imeshaingia. Kwa pande zote mbili, apu ndiyo shahidi.

Salio mbili zinahitaji maelezo, kwa sababu kuna utapeli mmoja mzima uliojengwa juu yake. Mtu anaagiza mzigo wa 60,000, kisha anaweka hundi ya 160,000 kwenye akaunti yako kupitia tawi lolote. Salio lote linapanda pale pale. Anakupigia simu: karani wetu amekosea, tafadhali turudishie 100,000 kwa M-Pesa, tuna dharura. Hundi haijapita, salio linaloweza kutumika halijasogea hata senti. Ukirudisha, unatoa pesa zako mwenyewe, na siku ya kazi inayofuata hundi inaruka. Kwa hivyo: hundi haihesabiwi malipo mpaka ipite, na pesa iliyozidi hurudishwa kwenye akaunti ile ile iliyotoka, kwa njia ile ile, baada ya benki yako kukuthibitishia kuwa imeingia kikweli. Anayekataa kurudishiwa alikotoa amekwisha kukupa jibu.

Picha za skrini zina mbinu zake. Nyingine zimehaririwa tu. Nyingine ni za kweli kabisa, ila ni malipo yaliyopangwa kutumwa kesho, na mtumaji atayafuta ukishakabidhi mzigo. Soma neno lililoandikwa chini ya kiasi. Nyingine ni muamala wa kweli wa mwezi uliopita na tarehe imekatwa.

Kwa malipo yaliyoanzia M-Pesa, namba ya muamala yenyewe inasema tarehe. Herufi ya kwanza ni mwaka: S ni 2024, T ni 2025, U ni 2026. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari, B Februari, C Machi, hadi L Desemba. Ya tatu ni siku: 1 hadi 9, kisha A ni tarehe 10, B ni 11, na kuendelea. Namba inayoanza TC9 ni ya tarehe 9 Machi 2025; TCA ni ya siku inayofuata. Mtu akikuletea ujumbe "wa leo" wenye namba ya miezi mitatu nyuma, usimgombeze, mwambie tu haijaonekana. Namba yenye tarehe sahihi, kwa upande mwingine, haijathibitisha kitu. Rudi kwenye apu.

Ujumbe wa utapeli uliokuja kwa jina la M-Pesa kutoka namba ya kawaida upeleke 333 kwa Safaricom. Ni bure.

Halafu kuna pesa ya kweli iliyoingia kwa njia mbaya. Mtu anayeitwa jina moja anaagiza simu au dhahabu, malipo yanatoka kwenye akaunti ya mtu mwingine kabisa. Huenda ni shangazi yake. Huenda pia ni mtu aliyetapeliwa mahali, akaambiwa atume pesa kwako akidhani analipia kitu kingine. Kesho atashtaki, na akaunti itakayozuiwa na benki ni yako. Kwa vitu vinavyouzika haraka tena, weka sharti: jina la mlipaji liwe la mnunuzi, au mlipaji mwenyewe akupigie kuthibitisha analipia nini. Kwa chakula na ushonaji hatari ni ndogo, si kawaida mwizi kuiba sambusa 200.

Kupokea pesa hakuhitaji PIN, wala ile namba ya siri ya muda inayoletwa kwa SMS. Anayekuomba mojawapo "ili malipo yapite" anataka kutoa.

Ikiwa una msaidizi dukani, usimwachie simu yenye apu na PIN yako. Uliza benki kuhusu mtumiaji wa kuangalia tu kwenye huduma yao ya mtandaoni kwa biashara, au umpe namba ya kupokea taarifa za till. Aone pesa ikiingia, asiweze kuitoa.

Yanapokwenda mrama

PesaLink imekatwa kwa mteja, kwako haijafika. Hutokea mifumo inapokatikiana katikati. Kwa kawaida pesa hujirudisha kwa mtumaji. Anayefuatilia ni yeye, kwa benki yake, akiwa na namba ya muamala. Benki yako haina cha kufuatilia kwa sababu haijapokea kitu. Usimwambie atume tena mpaka ile ya kwanza ijulikane iko wapi, vinginevyo mtakuja kugombania malipo mawili.

Ameandika akaunti vibaya. Namba isiyokuwepo hurudi. Namba ya mtu mwingine aliye hai ni shida kubwa: benki haiwezi kuichomoa bila ridhaa ya aliyepokea. Mteja aripoti kwa benki yake saa hiyo hiyo. Kwa M-Pesa, apeleke ujumbe wa muamala kwenye 456 mara moja, kabla mpokeaji hajatumia. Mzigo wake ubaki dukani, kwa upole. Kosa si lako, ila mteja bado ni wako.

Imefika pungufu. Kwanza fikiria makato. Kampuni inayokulipa kwa ushauri au kazi ya kitaalamu inaweza kukata 5% ya kodi ya zuio kabla ya kukulipa, malipo yakifika 24,000 kwa mwezi. Pesa hiyo haijapotea. Omba cheti cha zuio, kitaonekana kwenye iTax yako (akaunti yako ya kodi kwenye tovuti ya KRA), na kinapunguza kodi utakayodaiwa. Kama si hilo, mwandikie mteja tofauti kwa tarakimu kamili na umpe tarehe.

Imeingia na huijui ni ya nani. Iandike kwenye daftari chini ya "haijulikani", usiitumie, usikisie. Aliyelipa atajitokeza akitaka mzigo, na utamuuliza kiasi, tarehe na jina la akaunti iliyotoka kabla hujamwambia wewe.

Mteja aliye Muscat au London

Pwani ina ndugu kila bandari, na oda ya nguo za arusi huja kutoka Oman kama inavyokuja kutoka Kisauni. Kwa malipo ya SWIFT (mtandao wa benki wa kutuma pesa nchi hadi nchi) mpe mteja jina la akaunti, namba ya akaunti, jina la benki na tawi, anwani yako, na namba ya SWIFT ya benki yenye herufi 8 au 11. Herufi ya tano na ya sita zitakuwa KE, kama KCBLKENX ya KCB. Atakuuliza IBAN (namba ndefu ya akaunti ya kimataifa inayotumika Ulaya na nchi nyingine). Kenya haitumii IBAN. Mwambie aandike namba ya akaunti kama ilivyo.

Pesa huchukua siku moja hadi tano za kazi na hupita kwenye benki za kati, kila moja ikijimegea. Kwenye fomu mteja huchagua nani abebe ada: OUR ni yeye, BEN ni wewe, SHA mnagawana. Ukitaka kupokea bei yote, sema OUR tangu mwanzo, kwenye bei. Pesa ya kigeni ikiingia akaunti ya shilingi hubadilishwa kwa bei ya kununua ya benki siku hiyo, kwa hivyo taja bei yako kwa shilingi na ueleze kwamba kinachohesabiwa ni kilichoingia. Benki inaweza kukupigia kuuliza pesa ni za nini. Ni kawaida. Uwe na ankara yenye jina la mteja, bidhaa na kiasi. Kwa oda ndogo huduma kama Wise, inayotuma moja kwa moja akaunti za Kenya na M-Pesa, mara nyingi humwia mteja nafuu kuliko SWIFT.

Daftari na KRA

Malipo ya benki yana alama, na hilo ni jema kwako ukiwa umeandika. Daftari la safu sita linatosha: tarehe, namba ya oda, jina la mteja, kiasi kilichotarajiwa, kiasi kilichoingia, namba ya muamala. Jaza siku hiyo hiyo.

Mauzo ya zaidi ya milioni moja hadi milioni 25 kwa mwaka huingia kwenye kodi ya mauzo ya 3%, inayohesabiwa kwenye mauzo ghafi, bila kutoa gharama, na kulipwa si zaidi ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kazi za kitaalamu na mapato ya kupangisha nyumba hazimo humo, zina utaratibu wake. Mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka unasajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Ankara za kodi hutolewa kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Mfanyabiashara mdogo anaweza kutumia eTIMS Lite kwa kupiga *222# au kupitia eCitizen. Wateja wa kampuni watakudai ankara hiyo kabla ya kulipa, kwa sababu bila hiyo hawawezi kuihesabu gharama yao.

Weka stetimenti, ankara na daftari miaka mitano. Kila mwisho wa mwezi chapisha stetimenti, shika kalamu ya rangi, uweke alama kwenye kila pesa iliyoingia ukiitafuta kwenye daftari. Iliyo benki na haimo daftarini ni oda uliyosahau kuandika au pesa isiyo yako. Iliyo daftarini na haipo benki ni mzigo uliotoka bila kulipwa; mpigie mteja huyo simu siku hiyo hiyo, kabla mwezi haujageuka.